Seti ya geji sita za boti ya uvuvi: geji zinafaa, nyaya ndizo zinazoangusha

Boksi ni moja, geji sita. Tano ni ndogo, za milimita 52: ya mafuta, ya joto la maji, ya presha ya oili, ya volti na ya saa za injini. Ya sita ni ya RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, kubwa, milimita 85. Humo ndani kuna pia senda (kihisi kinachoipa geji kipimo) ya tangi, senda moja ya joto, moja ya presha, na fungu la nyaya nyembamba zenye viunganishi vya plastiki. Nyingi ya seti hizi hazina jina la maana. Wenye boti za faiba za futi 23 hadi 28 wanazichukua kwa sababu bei ya seti nzima hukaribia ya geji mbili tatu za kampuni zenye jina kama VDO au Faria.

Geji zenyewe zinafaa. Mshale umetulia hata boti ikipiga mawimbi, taa ya ndani inasomeka usiku bila kuumiza macho, na kioo hakipitishi maji kwa mbele. Tunacholalamikia ni nyaya za kwenye boksi, halafu senda kufungwa na geji zisizolingana nazo. Fundi anasema geji imekufa, mwenye boti ananunua nyingine, na hiyo mpya nayo inasoma upuuzi uleule kwa sababu ubovu uko nyuma, kwenye ngama au juu ya tangi.

Soma namba kabla ya kulipa

Geji ya mafuta haipimi mafuta. Inapima ukinzani (jinsi umeme unavyozuiwa kupita, kwa omu) wa senda iliyo ndani ya tangi, na viwango vya ukinzani huo si kimoja. Cha Marekani ni omu 240 tangi likiwa tupu na omu 33 likijaa. Cha Ulaya, wanachotumia VDO, ni omu 10 tupu na 180 limejaa. Seti nyingi za China ni 0 hadi 190, yaani jirani na cha Ulaya, lakini toleo la 240–33 nalo lipo, na kwa sura huwezi kuyatofautisha. Namba imeandikwa kwenye kibandiko nyuma ya geji. Kama kibandiko hakipo, usinunue kabla ya jaribio la betri linalofuata hapa chini.

Ukifunga geji ya 0–190 kwenye senda ya zamani ya 240–33, tangi tupu litasomeka limejaa, na ukishajaza mshale utashuka chini ya robo. Hapo hakuna kilichoharibika. Badilisha kimoja kilingane na kingine.

Kwenye presha ya oili kosa la namna hii ni la hatari zaidi. Senda za Ulaya huanzia omu 10 penye presha sifuri na kufika 184 mwisho wa kipimo, ila kuna za bar 5 na za bar 10 (bar ni kipimo cha presha). Senda ya bar 5 ikikutana na geji ya bar 10, geji itasoma mara mbili ya ukweli. Injini ya dizeli iliyoshuka hadi bar 1 itaonyesha 2, na nahodha ataendelea na safari.

Jaribio la betri linafanyika dukani kwa dakika chache na muuzaji mwaminifu hatalikataa. Nyuma ya geji kuna skrubu tatu zenye herufi: I ni umeme wa swichi, G ni ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), S ni waya wa senda. Peleka I kwenye chanya ya betri ya volti 12 na G kwenye hasi, S ikiwa tupu. Halafu gusanisha S na G kwa kipande cha waya, sekunde moja au mbili zinatosha. Geji ya mafuta ya 240–33 itakaa kwenye tupu wakati S iko wazi na kupanda hadi kujaa ukiigusanisha. Ya 0–190 inafanya kinyume chake. Presha ya oili inafuata mtindo huohuo wa kiwango chake. Ya joto haina ugeugeu: S wazi ni baridi, S na G zikigusana ni moto kabisa. Mshale ukienda pande zote mbili bila kukwama katikati, hiyo geji ni nzima.

Watu wengi hurudisha geji dukani kwa sababu mshale umebaki katikati baada ya kuzima swichi. Geji nyingi za mshale hazina springi ya kuurudisha. Umeme ukikatika, mshale unabaki popote ulipokuwa. Isome swichi ikiwa imewashwa tu.

Nyaya za boksi ziache kwenye boksi

Kwangua waya uliokuja na seti. Ukiona shaba nyekundu, hiyo haifai baharini. Chumvi hupenya chini ya ganda la plastiki, shaba inakuwa nyeusi halafu kijani, na ukinzani unapanda kidogo kidogo bila waya kukatika. Waya unaotakiwa ni wa shaba iliyopakwa bati, ambao ukiukwangua unang'aa kama fedha. Milimita za mraba 1.5 zinatosha kwa umeme wa geji na kwa waya wa kila senda. Ethi ya pamoja kutoka dashibodi hadi hasi ya betri iwe 2.5. Fyuzi ya ampea 5 kwa dashibodi nzima ni ya kutosha.

Mpangilio wa nyaya za boksi una kasoro nyingine. Ethi inaruka kutoka G ya geji ya kwanza kwenda ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, kwa viunganishi vya kuchomeka. Kiunganishi cha kwanza kikishika kutu, geji zote zilizo mbele yake zinapoteza ethi. Afadhali ufunge bamba dogo la shaba nyuma ya dashibodi na kila geji ipate waya wake wa ethi hadi hapo. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa I.

Ncha ziwe za pete, zibanwe kwa koleo la kubania, kisha mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Risasi peke yake, bila kubana, haifai kwenye boti: inaufanya waya kuwa mgumu pale inapoishia, na mtikisiko unaukata hapohapo. Pakaza vaselini kidogo juu ya nati baada ya kukaza. Skrubu za seti hizi ni laini, kwa hiyo shika nati ya chini kwa spana moja ukikaza ya juu kwa nyingine, la sivyo skrubu nzima inazunguka na kukatika ndani.

Rangi za nyaya zina maana kwenye boti zilizotengenezwa kwa utaratibu wa Marekani: zambarau ni umeme wa swichi, waridi ni senda ya mafuta, kijivu ni RPM, buluu nyepesi ni presha ya oili, kahawia hafifu ni joto la maji, buluu nzito ni taa za dashibodi. Kwenye boti iliyopita mikononi mwa mafundi watano, usiiamini rangi yoyote. Pima.

Zote zinapocheza pamoja

Geji zikianza kuruka kwa pamoja, chanzo karibu kila mara ni ethi au umeme unaoingia, si geji. Dalili yake ni kwamba mishale inasogea ukiwasha pampu ya ngama au taa za safari, au ukibonyeza maiki ya redio. Redio ya VHF ya wati 25 inavuta ampea 5 hivi inaporusha sauti, na ethi dhaifu haiwezi kubeba mzigo huo pamoja na geji.

Weka multimita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si kichwa cha waya, na nyingine iguse G ya geji. Washa swichi, pampu, taa, kila kitu. Multimita isizidi volti 0.2. Ikisoma 0.5 au zaidi, sogeza ncha ya pili hatua kwa hatua kuelekea betri, kutoka G kwenda bamba la ethi, kisha kiungo kinachofuata. Volti zinapoanguka ghafla kati ya sehemu mbili, kutu iko hapo katikati. Mara nyingi ni kichwa cha betri chenyewe, kilichokazwa kwa mkono.

Fanya hivyo pia upande wa chanya, kati ya nguzo ya chanya na I. Njia hii inapita kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo, na swichi za ufunguo za bei rahisi huungua ndani. Geji ya volti ya kwenye seti inasaidia hapa. Ikisoma 11.8 na injini imezimwa, wakati multimita kwenye nguzo za betri inasema 12.6, basi volti 0.8 zinapotea njiani. Betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hadi 12.7, ya nusu ni karibu 12.2. Injini ikiwaka tarajia 13.8 hadi 14.4. Ukiona 15 na zaidi, regyuleta imeshindwa, na geji zitaungua baada ya betri kuanza kuchemka.

Geji ya mafuta peke yake

Anzia nyuma ya dashibodi, kamwe usianzie juu ya tangi. Toa waya wa S, washa swichi, fanya jaribio lilelile la dukani. Mshale ukienda pande zote mbili, geji imetoka kwenye lawama. Rudisha waya. Sasa zima swichi, toa hasi ya betri, fungua vifuniko upepo upite, na ndipo uende kwenye tangi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa chini, kwenye ngama, kwa hiyo hakuna kugusanisha nyaya hapo wala kuvuta sigara.

Toa nyaya zote mbili za senda na upime omu kati ya skrubu yake ya katikati na bamba lake. Linganisha na kiwango: kwenye 240–33, tangi la nusu linatoa kama 103. Multimita ikionyesha hakuna njia kabisa, senda imekatika ndani. Ikionyesha namba sahihi ilhali geji ya mbele haisomi, basi waya wa waridi au ethi ya senda imeharibika. Kwenye tangi la plastiki ethi hiyo lazima iwe na waya wake mwenyewe kurudi kwenye bamba la dashibodi. Mafundi wengine huifunga kwenye skrubu yoyote ya chuma iliyo karibu, ambayo kwenye boti ya faiba haiendi popote.

Senda iliyokuja na seti ni ya bomba la chuma cha pua lenye boya linalopanda na kushuka, na tunaipendelea kuliko ile ya mkono unaobembea. Haina mguso wa umeme unaosugua, kwa hiyo haichakai upesi. Inapanda kwa hatua, mshale unaruka kidogo badala ya kuteleza, na huo si ubovu. Chagua urefu unaoacha sentimita moja au mbili kutoka chini ya tangi. Matundu yake matano hayakupangwa kwa nafasi sawa, yanaingia kwa upande mmoja tu. Yasipoingia, zungusha bamba, usitoboe tundu jipya.

Halafu kuna umbo la tangi. Tangi la chini ya sakafu hufuata V ya boti, jembamba chini na pana juu. Mshale ukiwa nusu, boya liko nusu ya kina, lakini lita zilizobaki ni chini ya nusu. Jaza tangi kuanzia tupu, lita 10 kila mara, boti ikiwa imelala sawa majini, na uweke alama za utepe pembeni ya geji. Ni kazi ya mara moja.

RPM, na propela inayobadilishwa bure

Hapa seti hii inafanya vizuri, mradi kichaguzi cha nyuma, kile kiswichi kidogo cha kuzungusha, kiwekwe sawa. Kwenye mashine ya nje, waya wa kijivu unaleta mapigo kutoka kwenye mfumo wa kuchaji. Mashine nyingi za Yamaha za viharusi vinne zina nguzo 12 za sumaku, yaani mapigo 6 kwa mzunguko, na kichaguzi kinatakiwa kusoma 12 au 6P kutegemea kilivyoandikwa. Kikiwekwa 4P, geji inazidisha mara moja na nusu: injini iko 4,000, geji inasema 6,000. Nahodha anadhani mashine inakimbia kupita kiasi, ananunua propela yenye pichi kubwa zaidi (inayosukuma mbali zaidi kwa kila mzunguko), na mashine iliyokuwa sawa inaanza kulemewa. Kabla ya kugusa propela, hakikisha kichaguzi.

Zima umeme, bonyeza kichaguzi kwa bisibisi, kizungushe. Kama geji inakata na kurudi yenyewe, kizungushe huku na huku mara kadhaa bila umeme kisha ukirudishe mahali pake. Mguso wake wa ndani hushika ukungu wa kutu, na mara nyingi dawa ni hiyo tu.

Geji ya RPM ikifa wakati geji ya volti nayo imeshuka hadi 12 na injini inawaka, usiiguse geji. Rektifaya-regyuleta, kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa kuchaji, ndiyo mgonjwa, maana mapigo na chaji vinatoka sehemu moja. Kinachoiua mara nyingi ni kutoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka.

Kwenye dizeli ya ndani mapigo yanatoka kwenye skrubu ya W ya alternata, na hesabu inahusu puli. Alternata ya nguzo 12, puli ya injini ya milimita 150 na ya alternata 75, inatoa mapigo 12 kwa kila mzunguko wa injini. Nunua seti ambayo geji yake ya RPM inakubali kuandikiwa idadi ya mapigo. Zenye kichaguzi cha nafasi tatu tu hazitakufaa. Mkanda uliolegea nao hushusha usomaji mzigo wa umeme ukipanda.

Joto na presha

Ikiwa boti yako ina mashine ya nje, geji hizi mbili hazina kazi kubwa. Mashine nyingi za nje zina swichi za tahadhari na king'ora, si senda, na tundu la kufungia senda mara nyingi halipo. Kuna mafundi wanaounga geji ya joto kwenye waya wa king'ora ili isikae bure. Usikubali. Unaharibu tahadhari uliyopewa na kiwanda ili upate mshale usiosema kweli. Kwa boti hizo tafuta seti ya geji nne: RPM, mafuta, volti na saa.

Kwa dizeli zinafaa, ila angalia nyuzi za senda. Za seti nyingi ni M10 kwa 1 (nyuzi za milimita), wakati injini nyingine zina 1/8 NPT (nyuzi za bomba za Marekani). Vipenyo vyake vinakaribiana kiasi kwamba senda inaingia mizunguko miwili kabla ya kukaza, na anayelazimisha kwa spana anaharibu tundu la bloku. Senda ya skrubu moja inapata ethi kupitia nyuzi zake. Ukiivika utepe mweupe wa mafundi bomba tabaka nyingi, ethi inaweza kukatika na geji ikalala upande mmoja. Tumia gundi kidogo ya nyuzi, acha nyuzi mbili za mwanzo wazi.

Geji ya saa ukiiunga kwenye swichi ya ufunguo inahesabu hata injini ikiwa imezimwa na redio inapigwa. Ratiba ya kumwaga oili kila saa 100 inavurugika. Iunge kupitia swichi ya presha inayopitisha umeme presha ya oili ikipanda.

Ukungu na jua

Kinga ya maji iliyoandikwa kwenye boksi ni ya uso wa mbele. Nyuma, kwenye tundu la taa na kuzunguka skrubu, unyevu unaingia. Ukungu mwepesi wa asubuhi unaokauka taa ikiwashwa si wa kuhangaikia. Matone yanayobaki mchana kutwa ni maji yanayotoka juu ya dashibodi, na yazibwe huko. Usizibe nyuma ya geji kwa silikoni yenye harufu ya siki, maana tindikali yake inakula shaba. Ipo isiyo na harufu hiyo.

Kioo ni cha plastiki. Kifute kwa maji baridi na sabuni, si petroli wala tina, kwani hupasuka nyufa nyembamba na hakisomeki tena. Boti ikilala ufukweni kutwa, turubai juu ya dashibodi inakiongezea miaka. Nati ya kushikilia geji kaza kwa vidole tu, kwa sababu ukitumia spana kasha linajipinda na mshale unakwaruza.

Weka pia dira mbali. Geji hizi zina sumaku ndani. Ukishafunga, washa na uzime swichi ukiangalia dira. Ikisogea, ihamishe kabla ya kumaliza kazi.

Mwenye mashine kubwa ya miaka ya karibuni yenye mtandao wa NMEA 2000 (kebo moja inayobeba data za vifaa vyote vya boti) asihangaike na seti hii. Skrini moja ndogo itasoma kila kitu moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta ya mashine. Huko utafutaji wa ubovu ni mwingine: zima umeme, pima omu kati ya nyaya mbili za data. Ziwe 60, kwa kuwa kuna vizibo viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Ukipata 120, kizibo kimoja kimetoka au kebo imekatika. Ukipata 40, kuna mtu ameongeza cha tatu.